Aliyekwisha Safiri

Daktari aliinua picha ya kifua changu dirishani, akanionyesha kwa kalamu doa jeupe chini ya mtulinga. Kifua kikuu, alisema. Migodi ya Zambia haitanichukua. Nichomwe sindano kila siku kwa miezi miwili, kisha nimeze vidonge mwaka mzima, ndipo nipimwe tena. Aliuliza kama nimeelewa. Nilikuwa nikitazama kamba za viatu vyake, moja nyeusi, moja ya kahawia. Nikaitikia.

Nilirudi nyumbani Nakawa kwa miguu. Asubuhi tulikuwa tumeagana kabisa, kwa kuwa waliofaulu vipimo vya migodi walipandishwa basi palepale. Mlangoni nilimkuta mke wangu Adyero na jirani yetu Perpétue, Mkongo muuza vitenge.

"Shemeji, Zambia imesogea siku hizi?" Perpétue akanitania. "Umekwenda na kurudi ugali haujapoa."

Adyero hakucheka. Alinivuta ndani, akaniambia kwamba saa nne walikuja wanaume watatu wenye miwani myeusi, wakinitafuta mimi, Opoka, kaka wa Ojok. Ojok, mdogo wangu, alikuwa askari. Watu kama hao walimchukua kambini mwezi wa pili, na hata mwili hatukupewa.

"Nimewaambia umesafiri. Wakaandika, wakaondoka."

Basi nikawa nimesafiri. Siku tisa nilikaa chumba cha nyuma, nikisikia majirani wakimpa Adyero salamu za kunifikishia. Sikuona hofu wala huzuni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Nilikoholea ndani ya mto wa kulalia, nisisikike. Perpétue alijaribu kuniombea dawa zahanati, akaambiwa mgonjwa aje mwenyewe.

Siku ya kumi mto ulikuwa na damu. Usiku huo binti yetu Anena naye alikohoa, mara mbili tu.

"Baba Anena, ukitoka watakuona," Adyero alisema kulipokucha.

"Na nisipotoka?"

Alimtazama mtoto aliyelala, akaenda kuniletea viatu.

Zahanati ilijaa. Wanaume wawili wenye sare za jeshi walikaa benchi la mbele, na mmoja wao aligeuka kila mlango ulipofunguliwa. Nesi alisoma majina kwenye kadi kwa sauti, na kila aliyeitwa aliitika. Akafika kwenye jina langu. Akasoma tena.

"Huyu Opoka hayupo?" Kalamu yake ilikuwa imeshagusa kadi, tayari kulikata jina.

"Nipo," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.