Meno ya Fisi

Luhende, seremala wa Bariadi, alikaa kwenye kiti chake cha mninga akiitazama plaiwudi aliyoikata asubuhi. Ukingo mzima ulikuwa umenyofoka, umesimama vibanzi kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Kabati lilikuwa tayari, bado milango tu, na plaiwudi iliyobaki ilikuwa moja. Kesho lori lingempeleka binti yake Eufrasia kwa mumewe, mjini Mwanhuzi, na wakwe wa huko hupitisha vidole kwenye kabati la bibi arusi kabla hawajamkaribisha maji.

"Baba, pumzika. Nitaenda nalo hivihivi, bila milango."

"Wakuchungulie vyombo? Nyamaza, mayu, mama yangu."

Kosa alilijua. Tangu serikali iruhusu biashara huria, duka la Marcelo lilijaa vitu ambavyo zamani ulivisikia tu kwa waliofika Mwanza, hadi misumeno ya umeme. Siku aliyokwenda kuchagua bledi, lile duara la meno la msumeno wake mpya, nusu ya mtaa ilimsindikiza. Wakazining'iniza kidoleni, wakazigonga kwa msumari mojamoja, kama mtu anunuavyo jembe: linalolia ndilo chuma. Mhoja, jirani asiyekosa penye watu, ndiye aliyekata shauri.

"Hii inalia kama kengele ya kanisa! Na meno yenyewe, fisi akiyaona atajificha."

Watu wakacheka, na Luhende akabeba meno ya fisi. Yeye, ambaye msumeno wa mkono wa kupasulia magogo hakuwahi kuugusisha kwenye kazi laini hata siku za pombe! Mashine ilimsahaulisha, na kelele za watu zikamalizia.

Akainuka, magoti yakilalamika, akarudi dukani na ile bledi.

"Nipe ile ya meno mengi, madogo."

"Hii ya meno makubwa ulishaitumia, mzee, siwezi kubadilisha bure," alisema Marcelo. Akafikiri. "Ila kile kiti chako cha mninga..."

"Tuma mtu akichukue."

Mhoja alikuwapo, kama kawaida. "We Luhende! Hayo si meno ya panya?"

"Ya fisi nimeshayaona."

Nyumbani akawasha jenereta. Akalaza plaiwudi uso mzuri chini, maana meno ya msumeno ule hupanda kutoka chini, na yanapochomoza juu ndipo huchana. Akasukuma taratibu, taratibu, mgongo ukimwaka moto.

Jioni uani palijaa watu. Mhoja alikuwa katikati, chai mkononi: "Nilimwambia mimi! Plaiwudi inataka meno mengi!" Luhende akaendelea kukaza bawaba za mlango wa mwisho.

Eufrasia alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, toka juu hadi chini, kisha akakirudisha juu tena. Hakikukwama. Akamtazama baba yake, akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Nduhu mhayo, mayu," alisema Luhende. Hakuna neno.

Akageuka aketi. Kiti kilishachukuliwa. Akajishusha polepole juu ya ile plaiwudi iliyoharibika, akanyoosha miguu.