Rubani Nkuba wa Usangu

Baba yangu, Nkuba, hakupata kupanda hata lori. Alikuja Usangu kutoka Shinyanga kwa miguu, nyuma ya ng'ombe wake, na alipougua alikataa kupakiwa kwenye Landrova ya misheni. Lakini katika faili moja la jeshi huko Mbeya ameandikwa kuwa rubani. Sahihi iliyo chini ya maelezo hayo ni yangu.

Ilikuwa Februari 1979. Vita vilikuwa kaskazini, mbali kabisa na sisi. Wiki moja kabla baba hajafa, watu wengi waliona kitu cheupe cha duara kikipita mchana, kimya, kuelekea upande wa Makongolosi. Kilipita, kikaenda zake, na wachungaji wakaendelea kuchunga. Mwenyekiti wa kijiji peke yake ndiye aliyeandika barua jeshini.

Jeshi lilijibu siku ya mazishi.

Luteni Danieli alishuka garini na fomu ya kurasa sita. Maiti ilikuwa bado ndani ya nyumba, siku ya pili, kwa kuwa tulingoja ndugu. Kaburi lilikuwa tayari, na ndani yake alikuwa amelala Isihaka, Mzaramo muuza nguo wa Rujewa. Ni mtani wetu, na kama watani wafanyavyo msibani, alidai jogoo ndipo atoke.

"Msukuma huyu kanisumbua miaka kumi," alisema kutoka chini. "Mnataka nimpishe bure?"

Watu wakacheka. Hata mama yangu, Mbuke, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi, alitabasamu. Ndiyo kazi ya mtani.

Luteni akasimama ukingoni. "Nani alikiona kile chombo?"

"Mimi, afande," Isihaka akajibu. "Mwendeshaji ni huyu marehemu. Hukuona kilivyokwenda taratibu? Dereva kazoea ng'ombe."

Luteni hakucheka. Aliandika.

"Cheo chake?"

"Rubani, afande. Wa kwanza kwa Wasukuma. Na kwa jinsi alivyotua, labda wa mwisho."

Luteni akafunika kalamu, akatangaza kwamba maiti sasa ni kielelezo. Isizikwe mpaka daktari wa jeshi afike kutoka Mbeya, labda keshokutwa.

Kicheko kikakatika. Joto la Usangu halingoji daktari, na harufu ilikwishaanza kufika mlangoni.

Baba mdogo Seni akamsogelea. "Afande, huyu anatania. Ni mtani."

"Utani naujua, mzee. Hata mimi nina watani. Ila fomu haina sehemu ya utani."

Isihaka akapanda juu, udongo mgongoni, jogoo kasahau. "Afande, nilisema uongo."

"Hayo ni maelezo ya pili. Shahidi mwenye maelezo mawili namchukua."

Isihaka akarudi nyuma ya watu.

Mama akasema kwa upole, "Mimi nilikiona kweli, mwanangu. Nikueleze?"

Luteni akamfunulia ukurasa wa picha: sahani, kofia, sigara. "Kilifanana na kipi?"

Mama akazitazama moja moja. "Hakimo. Kilikuwa kama kata ya kuchotea maji, bila mpini."

"Kata haimo, mama," alisema, akafunga ukurasa. Ukweli pekee aliousikia siku ile ukakosa pa kuandikwa.

Nikaomba kuisoma fomu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Iringa, na hapo nyumbani ni mimi tu niliyeweza. Ukurasa wa tano ulisema kielelezo kitaachiliwa iwapo jamaa atathibitisha maelezo ya shahidi.

"Nikikanusha je?" nikauliza.

"Ukithibitisha, dada, uchunguzi umekwisha. Ukikanusha, ndiyo unaanza."

Nilimtazama mama. Yeye alikuwa anautazama mlango wa nyumba.

Nikaandika: Mimi, Roza Nkuba, nathibitisha kwamba marehemu baba yangu alikuwa rubani wa chombo kisichotambulika.

"Andika na alikojifunzia," luteni akasema.

Nikaandika Shinyanga.

Akagonga muhuri. Kisha, Mungu ni shahidi, akakaza mgongo na kuipigia saluti nyumba yetu, kama askari anayemuaga mwenzake. Gari lilipoondoka tukamzika baba, jua likiwa bado juu. Isihaka ndiye aliyefukia zaidi ya wote, na jogoo hakumdai tena.

Mwezi wa Desemba ilikuja barua yenye muhuri, kwa Rubani Nkuba. Aripoti kambini na leseni yake kabla siku kumi na nne hazijapita.

Nilimsomea mama mara mbili.

"Wanataka tumfukue?" akauliza.

"Hapana, mama. Wanataka aende mwenyewe."

"Basi hiyo ni juu yake," alisema, akachukua kibuyu, akaenda kukamua.