Wakili Asiye na Haraka

"Baba, yeyote yule ila si Probert!" Bethan alimlalamikia babake kwenye simu. "Mtandaoni kuna mawakili wanaomaliza mauzo ya nyumba chapuchapu. Huyo wenu atakuzeesha!"

"Nimeshazeeka," akajibu Mzee Cyril, akakata simu.

Katika mji wao mdogo mkoani Shropshire, nani asiyemjua wakili Probert, mwenye ofisi juu ya bucha? Mtu wa kujikokota ajabu! Hati moja aisome asubuhi, ainywee chai, mchana airudie tena. Wachumba waliomkabidhi kazi ya nyumba yao ya kwanza walifunga ndoa wakapata na mtoto kabla hawajaona funguo.

Cyril alipanda ngazi za ofisi hiyo kama anayekwenda harusini.

"Bethan kanipigia," Probert akamwambia. "Kanitukana kistaarabu kweli. Kwa nini usiende kwa hao wenye mbio?"

Cyril akaizungusha kofia yake mikononi.

"Kuna ule mti wa plamu wa uani, alioupanda marehemu mke wangu Enid. Kila mwaka tulikuwa tukipika jamu pamoja, akinigombeza kwa kuzidisha sukari. Nikihama mwezi huu, nitauacha na matunda mabichi. Wanunuzi nimewauliza, wanasema watasubiri."

Probert alikuwa ameshafungua faili. Akalifunga polepole.

"Yanaiva lini?"

"Septemba."

Wakili akaliinua rundo zima la mafaili yaliyokuwa mezani, akalisukumiza faili la Cyril chini yake kabisa.

"Na mimi uniwekee chupa moja," akasema.