Kilimi Kipya cha Mbarak

Kavumbi aliposikia kwamba Mbarak ndiye atakayepiga zumari mbele ya okestra kule Diani, alisema alhamdulillahi kwa mdomo, na roho ikamuuma kama jino bovu. Mbarak! Kijana aliyefundishwa na yeye kuvimbisha mashavu na kuvuta pumzi puani bila kukata sauti, akachukuliwa harusini Munje na Msambweni wakati hajui hata kuishika zumari vizuri.

Muziki wenyewe ulitungwa na Caroline, binti kutoka Kinango aliyesomea kazi hiyo Nairobi. Aliitungia Kwale nzima. Sehemu ya kwanza ilikuwa vilima vya Shimba, ya pili mapango ya Shimoni walimofungiwa watumwa, ya tatu bahari ya Mkwiro. Ya mwisho ilikuwa harusi, ambamo zumari ingelia peke yake na fidla zote zikinyamaza.

Kabla ya kuchagua, aliwajaribu wote wawili, mwalimu na mwanafunzi. Kavumbi aliambiwa apige mpaka kijiti cha Caroline cha kuongozea okestra kiteremke, halafu anyamaze. Lakini mpiga zumari wa pwani hii hanyamazishwi kwa kijiti. Hunyamaza akitunzwa, mtu akimwekea leso begani au noti kwenye kofia. Kijiti kikateremka, Kavumbi akaendelea. Kikateremka tena, akaendelea vilevile, akimngoja mwenye adabu mmoja ainuke amtunze, hadi wapiga fidla wakaanza kucheka. Mbarak akapiga baada yake, akakoma alipoambiwa, na kazi ikawa yake.

Nyumbani Kavumbi aliuliza ni mpiga zumari gani huyo anayekatwa pumzi na msichana. Mkewe, Mbeyu, akamjibu kwamba kinachomsumbua si kijiti, ni kijicho.

Hazikupita siku nyingi, Mbarak akaja kuomba kilimi, kile kipande cha jani la mvumo anachokitia mpigaji mdomoni. Bila hicho zumari ni mti mtupu. Vilimi vyake vyote hukatwa na mwalimu wake. Kavumbi akamkatia kimoja cha kupendeza macho, kisha kwa ncha ya wembe akakitia ufa mdogo penye uzi wa kufungia. Kingelia vizuri mwanzoni. Kikishalowa mate kingepasuka, na Mbarak angebaki anakoroma mbele ya wageni wakubwa.

"Usikijaribu," alimwambia. "Kitachoka bure. Kiweke mpaka siku yenyewe."

Mbarak akambusu mkono, akaahidi.

Alasiri ya siku ya onyesho, katika bustani ya hoteli kule Diani, Kavumbi na Mbeyu waliketishwa mstari wa mbele. Kavumbi alikuja kutazama aibu, akatangulia kusikia uzuri, na uzuri ukamzidishia uchungu. Ngoma zilinguruma vilima vya Shimba. Fidla za Shimoni zikalia chinichini, mpaka mama mmoja nyuma yake akajifuta macho. Kila kilichompendeza alikiona ni chake kilichoibwa.

Ilipofika sehemu ya mwisho, muziki ukanyamaza. Mbarak akateremka jukwaani, akaja mpaka mbele yake, akainama na kumnyooshea zumari kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu. Kilimi ni kipya. Nifungulie."

Kavumbi alipigwa na butwaa. Wivu ulikuwa umemsahaulisha dasturi aliyoifundisha mwenyewe: kilimi ambacho hakijapulizwa hufunguliwa na mwalimu, ndipo mwanafunzi akipige. Akatazama jukwaani. Caroline alikuwa ameinua kijiti, akimtabasamia. Nafasi hiyo aliiacha makusudi katika muziki wake, kwa ombi la Mbarak. Sauti ya kwanza ya harusi ilikuwa ya Kavumbi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ila yeye alikuwa bado na njia ya kutokea. Angeweza kupuliza kidogo, apigiwe makofi, airudishe zumari, na kilimi kimpasukie mwingine. Alilitamani hilo. Aliitazama shingo ya Mbarak iliyoinama mbele yake, na bado alimwonea wivu.

Akapuliza. Sauti ikatoka safi, kijiti kikateremka, naye akaendelea. Kikateremka tena. Akavimbisha mashavu, akapuliza kwa nguvu zake zote, huku watu wakinong'ona kwamba mzee huyu kweli hajui kukoma. Mbarak akainua uso, akamtazama kwa huzuni. Ndipo kilimi kikapasuka mdomoni mwa Kavumbi, zumari ikalia kama mbuzi aliyekabwa, na bustani nzima ikacheka.

Kavumbi akatoa kikopo mfukoni, akachagua kilimi alichokuwa akipigia harusi zake mwenyewe, akakipachika.

"Hiki kimeshafunguka," alisema. "Nenda."

Mbarak akapanda, akapiga. Alipiga vizuri kuliko Kavumbi alivyowahi kupiga, kwa kilimi cha Kavumbi, na wivu haukupungua hata chembe. Kijiti kilipoteremka, akanyamaza kama alivyoagizwa.

Kavumbi akaichukua leso begani mwa Mbeyu, akapanda jukwaani mbele ya wote waliomcheka, akamtunza.