Mboni za Mkwe Wangu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni fundi cherehani. Aliposema kwamba macho yake yamezima, kwamba hata cherehani yenyewe haioni, sembuse tundu la sindano, mimi sikusadiki. Nimefundisha sayansi hadi kustaafu, na somo la jicho nalijua kwa ghibu: retina, utando wa nyuma ya jicho, ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga, moja ya kuonea gizani, nyingine ya kuonea rangi. Zikifa hizo, mboni haina habari.

Basi Jumapili, jamaa wakiwa sebuleni, nilimmulika kwa tochi. Mboni zikanywea.

"Tazameni," nikasema. "Jicho lisiloona halikimbii mwanga. Huyu kazi imemchosha tu. Binti yangu, funga virago urudi kwetu."

Wanangu wa kiume wakaangua kicheko. "Kumbe shemeji anashona na uongo," mmoja akamtania.

Mkwe aliinamisha kichwa. "Baba, sioni," akasema taratibu.

Binti yangu hakufunga virago. Aliamua kumpeleka kwa daktari wa macho, akanigeukia: "Na wewe, baba, njoo na sayansi yako."

Daktari, msichana wa kuwa mjukuu wangu, alimmulika. Mboni zikanywea vilevile. Nikakohoa kikohozi cha mshindi.

"Seli zake za kuonea zimekufa," akasema. "Lakini retina ina aina ya tatu, seli chache zinazohisi mwanga zenyewe. Hizo hazijengi picha. Huuarifu ubongo tu kwamba kuna mwangaza, nao huamuru mboni ijibane. Kwake bado zi hai."

"Sisi hatukufundishwa hayo."

"Hazikuwa zimejulikana, mzee."

Aliniachia upenyo wa kutorokea, nami nikaona haya kuupita. Mtu wa nyumbani mwangu aliniambia haoni, nami nikaiamini tochi. Nikamwomba radhi palepale.

"Yamekwisha, baba," mkwe akajibu. "Ila tochi iache nyumbani."

Binti yangu hakucheka. "Ulimuumbua mbele ya watu. Utayasema hayo mbele ya watu walewale."

Nikakubali.

Mlangoni nilimpa mkwe kiwiko changu akishike. "Twende, hapa hakuna ngazi," nikamwambia.

Akasimama. Akageuza uso upande aliko mkewe.

"Hamna ngazi?"

"Hamna," mkewe akajibu.

Ndipo alipoinua mguu.