Lex ya Profesa Bulonza

Camille alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa tatu kwa Kifaransa, aliyoipiga taipu kwa siri kwenye mashine ya tribunali, ile mahakama alikofanya kazi, na ndani yake hamkuwa na uongo hata mmoja, ila tu haikumhusu marehemu. Ilimsifu mtu fulani mwenye bidii, mwenye adabu na suti safi. Mtu huyo angeweza kuwa yeyote kati ya waliofunga tai Bukavu mwaka ule wa 1958.

Marehemu mwenyewe alikuwa Profesa Philémon Bulonza, aliyefundisha Kilatini miaka kumi na miwili katika shule ya humanités, yaani ile sekondari ambako watu walisoma mpaka macho yakawauma. Mwaka ulikuwa umetimia tangu afariki. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakutane Jumapili kule Kadutu, nyumbani kwa mjane wake, Maman Apolline, kumaliza matanga. Walimchagua Camille azungumze kwa sababu alikuwa mkalimani wa tribunali, na kama alivyosema rafiki yake Placide, mtu anayeishi kwa mdomo na autumie siku moja bure.

Sasa, kuna jambo moja ambalo huwezi kumweleza Profesa Bulonza bila kulisema. Alikuwa Mshi, mzaliwa wa Walungu, na ulimi wake uliikataa kabisa r ikija mwanzoni mwa neno. Rosa, lile ua ambalo kila anayeanza Kilatini hukutana nalo, kwake lilikuwa losa. Hilo lilisameheka. Balaa lilikuwa katika maneno mawili: rex, mfalme, na lex, sheria. Kinywani mwa Profesa yote mawili yalitoka lex. Na Kilatini, bila kukionea, ni lugha iliyojaa wafalme na sheria.

Wanafunzi wangefanya nini? Walijifunza kungoja. Wakati wa imla, Profesa akisema "lex", kalamu arobaini zilisimama hewani. Akiongeza "bonus", walijua ni mfalme mwema, maana bonus ni wema wa kiume. Akiongeza "bona", basi ni sheria, kwa kuwa Walatini waliihesabu sheria kuwa ya kike. Hapo ndipo wino ulipogusa karatasi. Profesa mwenyewe hakujificha nyuma ya kilema chake.

"Ulimi yangu haiwezi kubasaidia," aliwaambia kila mwaka siku ya kwanza. "Mungoje phrase iishe, njo mutajua niko nasema nini."

Tabia hiyo ya kungoja sentensi iishe iliwaingia, haikutoka tena. Placide, Mrega kutoka Mwenga, sasa alikuwa muuguzi, na akina mama walipanga foleni ndefu mbele yake huku wenzake wakipiga miayo, kwa sababu Placide hakuandika dawa mpaka mama amalize kueleza, hata kama alianzia kwenye harusi yake. Benoît, aliyesimamia mashamba ya mpunga Luberizi, alikuwa na sifa hiyohiyo kwa wakulima. Camille naye aliwahi kusimama mahakamani na mzee aliyeshtakiwa, aliyeanza kwa kusema, "Nilimuua." Mkalimani mwingine angeruka hapohapo na kutafsiri, na jaji angekwisha kunyanyua kalamu. Camille alingoja. Mzee alivuta pumzi, akamalizia, "fahali wake, aliyeingia katika mihogo yangu."

Haya yote Camille aliyajua, na hakuna hata moja lililoingia katika zile kurasa tatu. Sababu ilikuwa moja, nayo ilikuwa imemkaa kifuani miaka mitano kama mwiba wa samaki.

Mwaka 1953 alikuja inspekta Mzungu kukagua masomo. Alitaka kuendesha imla mwenyewe. Alisoma, "Rex bonus," kwa r inayonguruma, na Profesa, kama ilivyokuwa desturi yake, akarudia kwa darasa zima: "Lex bonus." Camille alikuwa kwenye dawati la mbele. Kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yale mawili yakisimama bega kwa bega, na kicheko kikamtoka kabla hajakiziba. Inspekta naye akacheka. "Mheshimiwa," akasema, "sheria ya kwenu imeota ndevu lini?" Profesa alitabasamu kidogo, akaendelea na imla. Camille alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na dawati lake.

Hakuwahi kuomba msamaha. Alianza mara nyingi, na kila mara Profesa alikuwa na kitabu cha kumwonyesha. Kisha Profesa akafa.

Ndiyo maana Jumamosi, alipopita kumsaidia Maman Apolline kupanga mabenchi yaliyotoka parokiani, aliganda mjane alipomwita kando.

"Camille, mutoto yangu, kesho usiongee ile mambo ya inspecteur. Itatia mutu haya, na miye—"

"Ndiyo, Maman," alisema Camille haraka, akaenda kubeba benchi jingine. Alijua. Basi Profesa alikuwa ameumia kiasi hicho, mpaka mkewe bado anaficha kidonda. Na siku mama huyu akijua ni nani aliyeanza kucheka, Camille hatakuwa tena na mlango wa kubisha Kadutu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Mlango huo ulikuwa wa kwao.

Jumapili baada ya misa ua ulijaa. Kulikuwa na bugali na sombe, yaani majani ya mihogo, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikizunguka taratibu kwa heshima ya watu wa kanisa. Camille alisimama, akakunjua karatasi, akasoma ukurasa wa kwanza. Watu walisikiliza kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomuudhi. Alimtazama Placide akiikagua kofia yake, Benoît akiwahesabu kuku, akaona kwamba anamzika Profesa mara ya pili, na safari hii anamzika vibaya. Akakunja karatasi.

"Bandugu," alisema, "huyu mutu niko nasoma hapa, siye Profesa. Profesa wetu alikuwaka nasema lex."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mtu akapaza sauti nyuma: "Bonus ao bona?" Camille akasimulia kalamu hewani, akasimulia foleni ya Placide, akasimulia fahali na mihogo. Watu walikuwa wanafuta machozi na kupigana mabega. Hakumwangalia Maman Apolline. Alipofika kwa inspekta, sauti ilimpungua, lakini hakuacha.

"Inspecteur alicheka, lakini hakuanza yeye. Miye njo nilianza. Nilimucheka baba yangu mbele ya Muzungu. Maman, unipe pardon, hata kama utanifukuza."

Maman Apolline aliweka kikombe chini, akainuka pole kwenye kiti chake.

"Jana ulikimbia na miye sijamaliza," alisema. "Nilisema itatia mutu haya. Ule mutu ni weye, Camille. Miye niko najua tangu siku ileile."

Camille hakuelewa. Mkalimani wa tribunali, na hakuelewa.

"Siku ile bwana yangu alirudi hapa, akakula sahani mbili," mjane aliendelea. "Akaniambia: Apolline, leo mutoto mumoja amecheka. Miaka yote banafunzi banangoja phrase, hakuna mwenye alisikia neno yenyewe. Huyu amesikia. Iko na sikio. Bwana yangu alifurahi sana. Na ulipomaliza masomo, yeye njo aliandikia juge barua, ile kazi ya kutafsiri bakupe weye. Akanikataza kukuambia. Alisema ukijua, utakuja kumuomba pardon kila Jumapili, na yeye iko na vitabu vya kukuonyesha."

Placide alianza kucheka, kisha akaacha, kwa kuwa Camille alikuwa analia, na suti yake na tai yake, mbele ya watu wote. Maman Apolline akamshika mkono, akamwacha alie mpaka amalize.