Bibi Harusi Kakalia Mfarishi

Watu wa Kisarawe, Mungu awahifadhi, wana masikio marefu na subira fupi. Arubaini ya marehemu Husseini fundi cherehani hata haijafika, tayari walishaanza kuulizana: cherehani kitakwenda wapi? Mjane atakula nini, hilo hakuna aliyeliuliza. Cherehani tu!

Mjane mwenyewe, Mwanaamina, alikuwa na jibu lake, ila nani amuulize? Miaka yote ya ndoa mumewe alishona barazani akionwa na watu, na yeye akashona uani asionwe na mtu. Zile kanzu alizosifiwa Husseini mpaka Mlandizi, nusu ya pindo zake zilipita mikononi mwa mkewe. Lakini enzi hizo za Mwingereza fundi wa cherehani alikuwa mwanamume, basi. Siku Mwanaamina alipotoka eda akakitoa cherehani barazani akaanza kukanyaga, wapita njia walisimama midomo wazi, na mmoja akathubutu kuuliza kama fundi katoka atarudi saa ngapi.

"Fundi ni mimi," Mwanaamina akamjibu. "Una nguo au una maneno?"

Yule hakuwa na nguo. Akaenda zake.

Ndipo akaja shemeji yake, Abeid, mdogo wa marehemu, mwenye duka Misugusugu kando ya barabara kuu. Abeid hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mtu wa hesabu. Alinywa chai, akamwombea marehemu rehema, akafuta midomo.

"Shemeji," akasema, "cherehani ni mali ya kaka, na mimi nina sehemu yangu. Kule kwangu kuna baraza na kuna fundi mikono mitupu. Hapa kitaliwa na kutu bure."

"Hakitaliwa na kutu, shemeji. Nina kazi."

"Kazi gani?"

"Mfarishi wa harusi. Bi Mwanahalima anamwoza mwanawe Twalibu."

Abeid akatazama dari, akatazama cherehani. Bi Mwanahalima alikuwa mwanamke ambaye akisema chumvi imezidi, mji mzima unatema. "Haya," akasema mwishowe. "Fungate ikiisha nitakuja, nitamuuliza Bi Mwanahalima mwenyewe. Kazi akiipenda, cherehani ni chako, sitakitaja tena. Asipoipenda, nakibeba, na tusilaumiane."

Mwanaamina akakubali. Angefanya nini? Hana mtoto wa kumlisha, hana shamba la maana, ana mikono miwili na kile chuma. Kikiondoka kile chuma, atarudi Kurui kwa kaka yake kupepeta mpunga wa mke wa kaka, na mke wa kaka tunamjua.

Mfarishi ni kazi ya subira. Vipande vya nguo vinaungwa vikawa shuka moja, chini yake shuka nyingine, katikati pamba inatandazwa, kisha vyote vinapigwa bandi ili pamba isikimbie. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye macho anaweza. Fundi anajulikana kwenye pindo, ule ukanda wa nguo unaozunguka kingo zote nne ukafunika nyuzi na pamba. Pindo likikaa vibaya, mfarishi wote unaonekana kama mtu aliyevaa kanzu bila kuoga. Na ndani ya pindo kazi ngumu ni pembe, maana hapo ukanda unakunjwa juu yake wenyewe na mkunjo unameza kipande cha nguo. Pembe za Mwanaamina zilikuwa kali, zimenyooka, ungedhani zimekatwa kwa kisu.

Bi Mwanahalima akaleta doti ya kanga kutoka Dar es Salaam, nyekundu, ya aina mpya. Kanga za zamani maneno yake yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Hizi mpya zimekuja na herufi za Kizungu, kubwa kubwa, na ukitaka kuonekana mtu wa mjini ndizo hizo.

"Moja atavaa mkwe wangu siku ya kuingia," akasema. "Ya pili ikate, unifanyie pindo. Na maneno usiyapoteze! Yapite miguuni mwa kitanda, kila aingiaye ayaone. Muuza duka kanisomea: *Hutajuta kuja kwetu*. Binti wa watu anatoka Maneromango, mbali na mama yake. Nataka alale akijua kafika nyumba ya watu."

Tazama mapenzi hayo. Bi Mwanahalima kwa mdomo alikuwa pilipili, lakini huyo mkwe alimngoja kwa hamu.

Mwanaamina akasema maneno hayatapotea. Na hakuwa mjinga, msimdhanie hivyo. Chuoni alihitimu Kurani nzima, na barua ya hati za Kiarabu aliisoma bila kupepesa. Herufi za Kizungu tu ndizo hazikuwahi kumpitia mbele ya macho kwa mafundisho. Akakata ukanda, akaupima miguuni mwa mfarishi, akakuta ukanda wenye maneno unaenea pembe hadi pembe na kuzidi kidogo, upana wa kidole. Lazima pembe moja imeze kitu. Ipi? Akafikiri kama mtu aliyesoma. Maneno huanza kulia, na mwanzo wa maneno hauchezewi, maana ndiko liliko jambo. Kushoto ni mkiani. Mkia ukipungua unyoya, ndege bado ni ndege. Akaanza kulia kwa uangalifu mkubwa, akayaachia maneno nafasi kidogo, akasema bismillahi, akashona, na alipofika kushoto akakunja pembe yake kali, mkunjo ukameza kidogo, akakata uzi kwa meno. Moyo ukamjaa. Hakupata kushona pindo zuri namna ile, na akasikitika kwamba Husseini hayupo alione.

Siku ya harusi wanawake wakajaa chumbani mwa bibi harusi mpaka hewa ikawa ya kugombania. Kitanda kimetandikwa, mfarishi unang'aa. Bibi harusi, Biasha, binti mwembamba mwenye macho ya haraka, kajitanda ile kanga nzima iliyobaki, kaketi katikati ya kitanda kichwa chini kama alivyofundwa. Mwanaamina alisimama karibu na mlango, kavaa nguo yake ya Idi, akingoja masifa. Mbele kabisa alisimama Bi Mboni, mke wa karani wa bomani, aliyejua kusoma na kutaka kila mtu akumbuke kwamba anajua kusoma.

Mara, bila kuambiwa na mtu, bibi harusi akasogea. Akajiburuta kitandani mpaka miguuni, akakaa juu ya pembe ya kushoto, na kanga yake akaitandaza kufunika pembeni.

"Hebu jongea mwanangu, watu waone kazi," Bi Mwanahalima akasema.

Biasha hakujongea. Kungwi wake akamfinya. Hakujongea. Bi Mboni akainama asome maneno, akakuta yamekaliwa.

"Aka! Bibi harusi kakalia mfarishi kama kuku wa mayai!" akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. "Ndiyo adabu za Maneromango hizo?"

Bi Mwanahalima akacheka na wenzake, lakini uso ulikuwa umemshuka. Kumwambia mkwe ajongee mbele za watu naye asitikisike, hiyo ni aibu, na akaimeza kama shubiri. Na Mwanaamina je? Alitaka kulia kwa hasira. Pembe yake! Pembe bora kuliko zote alizowahi kukunja, na kabinti kajuvi kamekaa juu yake! Alirudi nyumbani akimlaani yule binti kimoyomoyo, kisha akamwomba Mungu msamaha, kisha akamlaani tena.

Siku fungate ilipoisha, asubuhi, Mwanaamina yuko barazani anapangusapangusa kiti cha cherehani kwa kitambaa, maana Abeid alikuwa anakuja alasiri ileile. Akamwona Biasha anaingia na mzigo kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Mwanaamina akajibu, kavu.

"Nimemuaga mama mkwe kwamba nakuja uongeze bandi kidogo. Tuingie ndani, mama, tafadhali."

Wakaingia. Biasha akaufunua mfarishi, akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto. "Hapa panaanzia maneno, mama. Herufi za Kizungu zinatoka kushoto kwenda kulia. Nimezisoma shuleni kwetu."

Mwanaamina akamtazama kama anayeambiwa jua limechomoza Magharibi.

"Na herufi ya kwanza imeingia ndani ya mkunjo," binti akaendelea taratibu, kama anayemtoa mtu mwiba. "Ilikuwa *Hutajuta kuja kwetu*. Sasa inasema *Utajuta kuja kwetu*."

Loo! Mwanaamina akakaa chini sakafuni. Utajuta! Juu ya kitanda cha bibi harusi! Akaona chumba kile kimejaa wanawake, akamwona Bi Mboni ameinama na macho yake ya kusoma. Kama angesoma? Harusi ingevunjika kabla wali haujaiva, watu wa Maneromango wangemchukua binti yao, na yeye Mwanaamina asingepewa tena hata kitambaa cha kamasi akipinde.

"Kumbe ndiyo maana ulikaa," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilijua umekosea. Kanga niliyovaa ilikuwa na neno zima. Fungate nzima pembe hii nimeikunja ndani."

"Wamekucheka, mwanangu. Wamekuita kuku. Mama mkwe wako kakuona huna adabu. Ungesema tu kwamba fundi kakosea!"

"Kwa nani, mama? Kwa wale?" Biasha akatabasamu kidogo. "Pindo lilikuwa zuri. Nilivyoliona nikasema, mtu huyu hanijui, na kanishonea kwa moyo mzima. Nisingeweza kukuaibisha mbele ya watu."

Hapo Mwanaamina alilia, na sioni haya kusema alilia kwa sauti. Tangu mumewe afe hakuna aliyekuwa amesimama upande wake, na huyu, mgeni kuliko wote mjini, kakaa upande wake bila kuombwa. Akamshika mikono akaibusu. Kisha akachukua kiwembe, maana muda haukuwapo, akafumua pembe, akauvuta ukanda, akatoa ile herufi gizani. Akakunja upya upande wa kulia, penye nafasi tupu baada ya maneno. Biasha akamshikia kitambaa. Adhuhuri haijaadhiniwa, kazi imekwisha.

Alasiri Mwanaamina akatangulia nyumbani kwa Bi Mwanahalima, na Abeid akafika na wachukuzi wawili nyuma yake, kamba mkononi. Mfarishi ukatolewa barazani. Abeid akasoma kwa sauti: "Hutajuta kuja kwetu." Akapitisha kidole kwenye pembe zote, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Bi Mwanahalima, kazi umeipenda?"

"Kazi? Kazi haina kasoro," Bi Mwanahalima akasema. "Kasoro ninayo mimi, nimeletewa mkwe asiye na adabu. Mji mzima unamcheka. Nimeshawaambia majirani, hilo limewashinda Maneromango, nitalifunda mwenyewe."

Biasha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Akainamisha kichwa.

"Basi shemeji," Abeid akasema, "neno langu ni moja. Cherehani ni chako." Akawapungia wachukuzi mkono waende.

Yamekwisha, au siyo? Mwanaamina kapata alichokitaka. Alichobakiwa nacho ni kusema alhamdulillahi na kwenda nyumbani. Akajaribu. Alhamdulillahi ikafika kooni ikakataa kutoka, maana utamshukuruje Mungu kwa jambo ambalo mwenye kulitenda amesimama mbele yako anatukanwa?

"Shemeji, warudishe wachukuzi," akasema.

"Kuna nini?"

Akasema yote. Kulia na kushoto, mkunjo, herufi iliyomezwa, neno baya lililolala kitandani mchana kutwa mbele za wageni, na nani alilifunika. Hakupunguza kitu, hata zile laana zake za njiani alizitaja. "Mwenye kasoro ni mimi," akamaliza. "Huyu binti kalinda harusi yako, Bi Mwanahalima, na kalinda ugali wangu, kwa heshima yake mwenyewe. Sasa shemeji, kama ni kubeba, beba. Siwezi kukikanyaga cherehani kilichonunuliwa kwa aibu ya mtoto wa watu."

Abeid akawa anaizungusha kamba mkononi, mtu wa hesabu, na hesabu hii haikumjia. Akamtazama Bi Mwanahalima, kwa sababu ahadi ilikuwa juu ya ulimi wake.

Bi Mwanahalima hakumtazama. Alimwendea Biasha, akampokea lile sinia, akaliweka chini mwenyewe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na ukaniacha nikuseme?"

"Ungeumia, mama. Kanga uliichagua kwa mapenzi."

Yule mwanamke wa pilipili akafunika uso kwa upande wa mtandio. Alipoufunua, akamgeukia Abeid. "Wewe uliniuliza kama kazi nimeipenda, nikasema nimeipenda. Umesikia nikisema vingine? Toa kamba zako nyumbani kwangu."

Abeid akacheka kwa haya, akaivingirisha kamba akaitia mfukoni. "Shemeji," akasema, "hata sisi wa madukani hatuna wengi wa kukiri hivyo. Shona. Kanzu yangu ya Idi utaishona wewe."

Mwanaamina sasa akasema alhamdulillahi, na safari hii ikatoka yote, na machozi nyuma yake.

Bi Mwanahalima alikuwa amekwisha jifunga kanga kiunoni na kuvaa viatu. Wakamuuliza anakwenda wapi na jua lote lile. "Kwa Bi Mboni," akasema, "halafu nyumba nyingine zote nilizopita nikimsema mwanangu." Akamshika Biasha mkono akatoka naye.